Hati ya Tovuti Yetu Iko kwa Nani?



Kuna jambo linajirudia kila jumuiya yetu, tawi la chama au kikundi cha maendeleo ya kijiji kinapoamua kuwa na tovuti. Mkutano unakaa saa 3 kujadili nembo, rangi za bendera ziwe wapi na picha ya mwenyekiti iwe na ukubwa gani. Ikifika sehemu ya kuuliza hiyo tovuti itawekwa wapi, na nani, na kwa jina la nani, mtu mmoja anasema, "Hilo mwachieni fulani, yeye ni mtu wa kompyuta." Wote wanaitikia, ajenda inafungwa. Miaka 3 baadaye tovuti haipo, fulani hapatikani kwenye simu, na lile jina tulilolizoea linafungua ukurasa wa kamari.

Nimekuwa nikiwasaidia watu wetu kuanzisha tovuti na kuzihamisha, kwa hiyo maswali wanayouliza nayajua kwa kichwa. Karibu yote yanaanza na bei. Leo nitayajibu hapa mbele ya wote, lakini niseme mapema msimamo wangu: bei ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Swali kubwa ni nani ameshika hati na funguo. Hilo ni swali la uongozi, na sisi tunaopiga kelele kila siku kuhusu uwajibikaji wa viongozi wa nyumbani tunalikimbia.

Kwa nini kuna bili mbili? Si tovuti moja?

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila mweka hazina, na ni swali zuri. Mwana ughaibuni hahitaji kompyuta ili alielewe, maana kiwanja anakijua.

Jina la tovuti, yaani ile anwani inayoishia na .com, .org au .or.tz, ni kama hati ya kiwanja. Unalisajili kwa msajili, unalipia kwa mwaka, na kwenye daftari la msajili kunaandikwa jina la mwenye mali pamoja na anwani yake ya barua pepe. Seva inayohifadhi kurasa zako ni kama nyumba ya kupanga. Unamlipa mwenye nyumba kwa mwezi au kwa mwaka, na asipokufaa unahama. Ukihama na jina lako, wasomaji hawatajua hata kama umehama, kwa sababu jina linaelekezwa kwenye seva mpya na maisha yanaendelea. Ukipoteza jina, hata nyumba yako ingekuwa ya dhahabu hakuna atakayeifikia.

Sasa jiulize, ni wangapi kati yetu tumetuma pesa ya kiwanja nyumbani, ndugu akaandikisha hati kwa jina lake, na leo tunasalimiana kwa mawakili? Kwenye tovuti tunarudia hilohilo. Fundi anasajili jina kwa barua pepe yake binafsi, analipa kwa kadi yake, kisha anarudishiwa fedha na mweka hazina. Jumuiya ina risiti, lakini hati iko kwa fundi. Kwa msajili mwenye mali ni yule aliyeandikwa, na risiti yako ya kumrudishia pesa haimhusu.

Jueni pia jina linavyopotea. Majina ya .com na mengine yaliyo chini ya ICANN, shirika lililoundwa 1998 kusimamia mambo haya, hayapotei siku moja. Msajili anatakiwa kutuma kumbusho kama mwezi 1 kabla ya jina kuisha muda, lingine kama wiki 1 kabla, na jingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Kwa kawaida kunafuata kipindi cha neema ambacho kinaweza kufika hadi siku 45, kisha siku 30 za kulikomboa kwa faini kubwa, kisha siku 5 za mwisho, halafu jina linaachiwa mtu yeyote. Wapo pia wasajili wanaolipeleka mnadani mapema zaidi. Jumuiya ina muda wa kutosha kujiokoa, isipokuwa kumbusho zote hizo zinakwenda kwenye barua pepe ya mtu aliyejitoa miaka 2 iliyopita.

Kwa nini tusitumie ya bure?

Bure ina kazi yake. Kama ni tangazo la harambee ya mwezi mmoja au picha za sherehe ya Idi, tumieni ya bure wala msione aibu. Lakini msiweke humo kumbukumbu za jumuiya, katiba yenu, taarifa za fedha na makala za miaka 10.

Waliokuwa mtandaoni zamani wanaikumbuka GeoCities. Ilianza 1994, Yahoo! wakainunua 1999, na Oktoba 2009 ikafungwa. Mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida zikaondolewa, na zilizobaki zimebaki kwa juhudi za watu wa kujitolea waliozinakili kabla ya mlango kufungwa. Baadaye ikaja zamu ya Yahoo! Groups, mahali ambapo jumuiya nyingi za ughaibuni, za kwetu zikiwemo, ziliweka mijadala na mafaili yao. Oktoba 2019 kampuni ilitangaza kwamba mafaili na kumbukumbu hizo zitaondolewa, na Desemba 2020 huduma nzima ikafungwa. Mwenye nyumba alikuwa na haki zake zote. Mpangaji hakuwa akilipa kodi, wala hakuwa na mkataba wa kumshika nao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "siku hizi ukurasa wa Facebook unatosha". Ukurasa ule unafaa kuita watu waje nyumbani kwako. Ukiufanya ndio nyumba yenyewe, siku akaunti itakapofungwa kwa malalamiko ya watu 50 wasiokupenda, utakata rufaa kwa nani?

Tuchukue kifurushi gani, na "bila kikomo" maana yake nini?

Wengi wenu mnahitaji kile cha chini kabisa cha kulipia, yaani seva ya kuchangia, ambapo tovuti nyingi zinakaa kwenye mashine moja. Ni kama kupanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji wengi: bei nafuu, ila jirani akifanya fujo nawe hulali. Juu yake kuna seva pepe, ambapo mashine moja inagawanywa kwa programu na kila mmoja anapewa sehemu yake iliyofungwa. Juu kabisa ni seva nzima ya peke yako. Hiyo ya tatu sijaona jumuiya yetu hata moja inayoihitaji.

Msitishwe na hesabu. Chukua jumuiya yenye wasomaji 3,000 kwa mwezi, kila mmoja akifungua kurasa 5, kila ukurasa ukiwa na MB 2. Hiyo ni MB 30,000, yaani GB 30 hivi kwa mwezi. Seva ya kuchangia inaubeba mzigo huo bila kutoka jasho. Kinachoiangusha tovuti kwa kawaida ni kitu kingine: programu iliyopitwa na wakati, au picha 40 za mkutano zilizopandishwa jinsi zilivyotoka kwenye kamera, MB 4 kila moja. Mtu wa Leicester hataona tofauti. Shangazi yako aliye Tunduru, anayenunua bando la siku, hataufungua ukurasa wako mara ya pili. Punguzeni picha kabla ya kupandisha. KB 200 zinatosha kabisa kuonyesha nani alikaa meza kuu.

Kuhusu "bila kikomo", hakuna diski isiyo na kikomo duniani. Someni masharti. Humo mtakuta idadi ya juu ya mafaili, muda wa kutumia mashine na sentensi inayosema kampuni inaweza kukusimamisha ukizidisha "matumizi ya kawaida". Na bei ile kubwa iliyoandikwa kwa rangi nyekundu mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu. Ulizeni bei ya kuhuisha. Mweka hazina anayepanga bajeti kwa bei ya mwaka wa kwanza anajitengenezea deni la mwaka wa pili.

Kitu kimoja msikubali kuuziwa kwa bei ya kuruka ni cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https. Tangu Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti kwa umma mwishoni mwa 2015, tovuti ya kawaida ya jumuiya inaweza kukipata bure, na kampuni nyingi za seva huweka zenyewe.

Seva iwe nchi gani?

Hapa ndipo siasa inapoingia mlango wa mbele, na ndipo ninapoona watu wetu wakijidanganya kwa pande zote mbili.

Tuanze na kasi. Kabla ya 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na kila ombi lilipanda angani na kushuka. Mkonga wa SEACOM ulifika 2009, EASSy ukafuata 2010, na mambo yakabadilika. Tovuti iliyoko London au Frankfurt inafunguka Dar es Salaam vizuri tu kama kurasa zake ni nyepesi. Lakini mkonga ni waya, na waya hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zote mbili zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana, Kenya na Uganda nazo zikayumba. Siku kama hiyo tovuti iliyo kwenye seva ya Dar es Salaam ina nafasi nzuri zaidi ya kufunguka Dar es Salaam kuliko iliyoko Ulaya. Kwa hiyo kama wasomaji wako ni wa nyumbani na unachoandika ni bei za mazao au ratiba za shule, seva ya nyumbani ni jambo la kufikiriwa kwa uzito, na fedha inabaki kwetu.

Sasa sheria. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kufikishwa mahakamani, na kati ya mashtaka lilikuwamo la kuendesha tovuti yenye jina lisilosajiliwa Tanzania. Sitaingia kwenye mlolongo wa kesi zile. Nataka mwone tu kwamba nukta mbili na herufi zinazofuata, .com au .co.tz, ziliweza kuwa shtaka. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zikidai leseni yenye ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2, na Juni mwaka huo JamiiForums ilisimamisha huduma kwa muda. Kanuni hizo zilibadilishwa na nyingine za 2020, lakini leseni imebaki, na Septemba 2025 TCRA iliisimamisha ya JamiiForums kwa siku 90.

Wapo wanaosema, "Basi tuweke seva Ujerumani, mambo yamekwisha." Hayajakwisha. Seva ikiwa nje, ni vigumu zaidi kwa mkubwa wa nyumbani kuizima kwa simu moja, hilo ni kweli. Lakini sheria inamfuata mtu pia. Ndugu yetu aliye Muscat anayesimamia tovuti iliyoko Ujerumani bado anaishi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 12 ya 2011. Mhariri aliye Mwanza bado yuko Mwanza. Na nchi ya seva nayo ina sheria zake: ukiweka tovuti Marekani, mtu mwenye haki ya picha uliyoichukua bila ruhusa anaweza kutumia sheria ya DMCA ya 1998 kumtaka mwenye seva aiondoe, na mwenye seva ataiondoa kwanza, mtabishana baadaye.

Tena seva ya nje haimsaidii msomaji aliyefungiwa mlango wa ndani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo siku kadhaa. Tovuti zilizokuwa Ulaya zilibaki hai, na sisi huku tuliendelea kuzisoma. Mama yangu mdogo hakuweza. Hata hivyo hiyo haikuwa kazi bure. Kilichoandikwa kilibaki, na intaneti iliporudi watu wa nyumbani walikikuta. Kwa tovuti ya siasa au ya habari, hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kupendelea seva ya nje: inalinda kumbukumbu. Asikudanganye mtu kwamba inamlinda mwandishi.

Ushauri wangu basi ni huu. Kabla ya kuchagua nchi, orodhesheni mambo matatu: wasomaji wako wapi, wasimamizi wako wapi, na nani angependa mnyamaze. Jumuiya ya wanafunzi wa zamani na gazeti la upinzani hawawezi kupewa jibu moja.

Nakala si kazi ya mwenye seva?

Hapana. Tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka kwenye majengo ya seva ya kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote na jingine likaungua sehemu. OVH si kibanda cha uchochoroni, ni moja ya kampuni kubwa za Ulaya. Wapo wateja waliopoteza kila kitu, wakiwemo waliodhani wana nakala, kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale kwenye moto.

Nakala iwe mahali pengine, kwa kampuni nyingine au kwenye diski iliyo mkononi mwa katibu, na kwa tovuti ya jumuiya itolewe angalau mara 1 kwa mwezi. Ichukuliwe pamoja na hifadhidata, maana kwenye tovuti za WordPress na nyingine za aina hiyo maandishi yote yamo humo, na mtu akinakili mafaili peke yake anabaki na fremu isiyo na picha. Halafu mara 1 kwa mwaka jaribuni kuirudisha kwenye seva ya majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiitegemee.

Na kama nakala ina orodha ya wanachama, simu zao na michango yao, ilindeni kama fedha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na Ulaya na Uingereza zina zao kali zaidi. Mwanachama aliyewaamini na namba yake hastahili kuikuta imezagaa.

Tumevamiwa. Je, ni serikali?

Mara chache. Kila tovuti yetu ikivamiwa watu hukimbilia kusema ni watu wa usalama. Mara nyingi ni programu inayozunguka dunia nzima ikijaribu milango, ambayo hata haijui Kiswahili. Inatafuta WordPress ambayo haijasasishwa, kiongezo kilichotelekezwa na mtengenezaji wake, au neno la siri ambalo ni jina la chama na mwaka wa kuanzishwa. Sasisheni kila wiki, ondoeni viongezo msivyovitumia, tumieni neno la siri refu na uthibitisho wa hatua ya pili. Mkishafanya hivyo na bado mkavamiwa, hapo tutazungumza habari za maadui.

Mwenye seva hatufai. Tunahamaje?

Taratibu, na kabla ya ugomvi. Kwanza chukueni nakala kamili. Pili, kodini seva mpya na kuijaribu wakati ile ya zamani bado inafanya kazi, yaani lipeni zote mbili kwa mwezi 1, gharama hiyo ni ndogo. Tatu, badilisheni maelekezo ya jina yaende kwenye seva mpya. Mabadiliko huchukua saa chache hadi siku 2 kuenea kwa wasomaji wote. Ile ya zamani izimeni baada ya hapo. Msisahau barua pepe za jumuiya, kwani mara nyingi zinakaa kwenye seva ileile, na watu hukumbuka hilo siku ya tatu wanapoona kimya.

Jina nalo linaweza kuhamishwa kwa msajili mwingine. Kwa majina ya .com na wenzake mtahitaji kufungua kufuli ya jina na kupata namba ya siri ya uhamisho kutoka kwa msajili wa sasa. Jina lililosajiliwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida haliwezi kuhama tena ndani ya siku 60. Kwa hiyo anayesubiri hadi siku 10 za mwisho amechelewa.

Ila hatua zote hizo zinamtaka mtu mwenye funguo. Na hapo tunarudi kwenye hoja yangu.

Lakini kijana wetu ni mwaminifu!

Najua. Mafundi wengi ninaowafahamu ni waaminifu kuliko wanaowalaumu, na wengi wamelipia tovuti za jumuiya kwa kadi zao miaka bila kurudishiwa hata senti. Wamebebeshwa mzigo usio wao, kisha siku wakichoka wanaitwa wezi. Shida haiko kwenye uaminifu wao. Binadamu anaugua. Anakufa. Anapata kazi ya usiku na watoto mapacha. Mkataba wake wa Doha unaisha anafunga virago, namba ya simu aliyoiandikisha inafungwa, na msajili anatuma namba ya uthibitisho kwenye simu isiyokuwepo tena. Nimeshuhudia familia iliyo kwenye msiba ikipigiwa simu kuulizwa neno la siri la tovuti. Hata arobaini ilikuwa haijafika. Hilo jambo halikuwa la fundi, lilikuwa la viongozi ambao hawakuwahi kuuliza.

Na hapa wakuu niseme wazi. Sisi ndio tunaoandika kurasa na kurasa kuhusu viongozi wa nyumbani wanaogeuza mali ya umma kuwa ya kwao, wasiokabidhi ofisi, wanaoondoka na mafaili. Uchaguzi wa jumuiya unafanyika, mwenyekiti mpya anakabidhiwa muhuri na kitabu cha risiti, lakini tovuti inabaki mikononi mwa kambi iliyoshindwa. Nimeona tovuti moja ya jumuiya ikigeuka usiku mmoja kuwa ya kuitukana kamati mpya, kwa sababu aliyeshindwa ndiye aliyekuwa na funguo. Wanachama waliochangia pauni 10 kila mmoja hawakuulizwa. Tutawezaje kumdai waziri akabidhi wizara wakati sisi tunashindwa kukabidhi neno la siri?

Dawa ipo, na haihitaji mtaalamu. Fungueni barua pepe ya jumuiya ambayo si ya mtu, na isikae kwenye jina lilelile la tovuti, maana jina likipotea nayo itapotea. Barua pepe hiyo ndiyo iandikwe kwa msajili na kwa mwenye seva. Kwenye nafasi ya mwenye mali liandikwe jina la jumuiya, na kama jumuiya imesajiliwa kisheria nchi mnayoishi, tumieni jina hilo hasa. Malipo yatoke kwenye akaunti ya benki ya jumuiya. Jina la tovuti lilipieni miaka kadhaa kwa pamoja, kwa .com inaruhusiwa hadi miaka 10. Funguo ziwe kwa watu watatu walioko sehemu tofauti, mathalani katibu, mweka hazina na fundi. Maneno ya siri yaandikwe kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa na kukaa na mdhamini. Msicheke bahasha. Bahasha haivamiwi kutoka mbali.

Fundi apewe nafasi yake ya kuingia kufanya kazi, alipwe au ashukuriwe hadharani, na uongozi ukibadilika maneno ya siri yabadilishwe siku hiyohiyo kama kufuli ya ofisi. Na yote haya yaandikwe ndani ya katiba ya jumuiya kwa kifungu kimoja: tovuti, jina lake na kumbukumbu zake ni mali ya wanachama, na vitakabidhiwa ndani ya siku 14 baada ya uchaguzi.

Katika mkutano mkuu ujao mahali ulipo, kabla hamjafika kwenye rangi za nembo, simama umuulize katibu maswali manne. Jina letu limesajiliwa kwa nani? Linaisha lini? Nakala ya mwisho ilichukuliwa lini na iko wapi? Watu wangapi wanaweza kuingia leo usiku? Akijibu yote, mpigieni makofi, amefanya kazi. Akikutazama tu, usimgombeze. Andikeni kwenye mihutasari na mpeni mwezi 1 arudi na majibu.

Naomba kutoa hoja.